Gitaa Halisikiki? Acha Hicho Kitufe

Kaa karibu na jukwaa la bendi yoyote ya dansi, iwe Kinondoni, Morogoro au Mombasa, na kabla wimbo wa tatu haujaisha utamwona mpiga solo akifanya jambo lile lile. Anageuka, anainama, anazungusha kitufe cha ampli yake kuelekea kulia. Kisha anamtafuta fundi mitambo kwa macho na kumwonyesha kidole kinachoelekea juu. Hajisikii, aongezewe. Wapenzi wanaona ni haki yake. Wanamuziki wenzake wanaona ni haki yake, maana na wao watanyoosha vidole muda si mrefu. Hata fundi mitambo, pamoja na kunung'unika kwake, anaamini kazi yake ni kutoa kinachoombwa. Imekuwa kanuni ambayo hakuna anayeihoji: mpiga gitaa asiyejisikia amepungukiwa sauti.

Naipinga kanuni hiyo. Mara nyingi mno mpiga gitaa asiyejisikia hajapungukiwa chochote. Amekosa nafasi, na aliyeikalia ni mwenzake aliyesimama pembeni yake, au ni yeye mwenyewe. Kitufe cha ampli hakina uwezo wa kumhamisha mtu aliyekalia nafasi ya mwenzake. Kinachoweza kufanya ni kuleta ugomvi, na ugomvi huo ndio tunaousikia kila wikiendi tukiambiwa ni muziki wa laivu.

Tuanze na ampli yenyewe, maana hapo ndipo upuuzi unapoonekana kwa macho. Imewekwa sakafuni. Spika yake ya inchi 12 inatazama mbele, na kitovu chake kiko kwenye kimo cha ugoko. Mwenyewe amesimama hatua moja mbele yake, ameipa mgongo. Sasa, spika ya namna hiyo hutawanya sauti nzito kila upande, lakini sauti kali, zile zinazoupa mpigo wa uzi makali yake, hutoka moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Zinapita kati ya miguu ya mpigaji, zinavuka ukingo wa jukwaa na kumpiga usoni dada wa watu aliyekaa meza ya mbele na soda yake. Mpigaji anabaki na mvumo mzito unaomfikia kwenye mashavu ya miguu. Anasema gitaa halina makali, anaongeza makali. Dada anahama meza. Mpigaji bado hajisikii, kwa sababu magoti hayana masikio.

Kreti la bia linamaliza kesi hiyo. Ligeuze, iweke ampli juu yake, iegemeze nyuma kidogo hadi spika itazame kichwa cha mwenye gitaa. Atashtuka. Atapunguza mwenyewe bila kuambiwa, maana kwa mara ya kwanza anasikia kile ambacho meza ya mbele imekuwa ikikivumilia. Wala si uvumbuzi wangu: kampuni ya Fender ya Marekani ilikuwa ikifunga miguu ya kuegemezea kwenye ampli zake kubwa tangu miaka ya 1960. Hata hivyo ni nadra kuiona bendi ikipandisha ampli juu ya kitu kabla ya kulalamika, na makreti yamejaa nyuma ya kaunta.

Wanaotetea kitufe wana hesabu yao, na hesabu hiyo ndiyo inayowauzia watu ampli. Wanaamini wati 100 ni sauti mara mbili ya wati 50. Sivyo. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, nyongeza ambayo msikilizaji anaitambua lakini haimshtui. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Mwenye wati 50 atafute 500, na aje na gari la kuzibeba. Sasa ipindue hesabu hiyo hiyo. Wenzako wote wakishuka desibeli 3, wewe bila kugusa kitu umepata kile ambacho ungepata kwa kununua ampli yenye nguvu maradufu. Hakuna duka linalouza bidhaa hiyo, na nadhani ndiyo sababu hakuna anayeitangaza.

Tatizo jingine la kitufe ni kwamba hakina mwisho. Mwaka 1911 daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila aliyepanda daladala anaishi nalo: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Jukwaani kila mmoja ni kelele ya mwenzake. Solo akipanda, rithim hajisikii, anapanda. Besi naye hawezi kubaki chini. Mpiga dramu aliyekuwa akigusa anaanza kutwanga. Mwimbaji anaomba monita, ile spika ya kujisikilizia, monita inaingia kwenye maiki, spika zinapiga mluzi, na lawama zinamwangukia fundi mitambo. Juu ya hayo, sikio lenyewe huchoka. Likikaa kwenye kelele kubwa kwa muda hupoteza wepesi wake, na linaanza kupoteza kwenye sauti kali, eneo lile lile ambalo gitaa hujitambulisha. Kwa hiyo anayepiga saa sita usiku anaomba nyongeza kwa sikio ambalo si lile alilokuja nalo saa tatu. Ukimpa, unazidi kulichosha. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Hapo bendi haijamaliza hata nyimbo tatu, na kuna saa nne mbele.

Ukibishana na vijana wa magitaa watakutajia Uingereza, basi twende huko. John Entwistle, mpiga besi wa The Who, alitafuta spika kubwa zaidi ili asimezwe na dramu za Keith Moon. Pete Townshend, mpiga gitaa, akajikuta amemezwa na Entwistle, naye akataka kubwa kuliko hizo. Kwenye kuvutana huko ndiko ampli za Marshall za wati 100 zilikozaliwa mwaka 1965. Vijana wanasimulia habari hii kama utenzi wa ushindi. Wanaruka sura yake ya mwisho: mwaka 1976, uwanjani Charlton, London, bendi hiyo ilipimwa desibeli 126 umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika na kuandikwa kwenye kitabu cha Guinness, na Townshend na Entwistle wote wawili waliishia kuwa watu wenye matatizo ya usikivu. Niambieni, katika mvutano ule nani aliishia kujisikia vizuri?

Wengine wanakuja na The Beatles. Agosti 1965 walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakiwa na ampli za Vox za wati 100, na hawakuweza kujisikia. Mwaka uliofuata wakaacha ziara kabisa. Basi, wanasema, tatizo ni la vifaa, na monita zimekuja kulitatua. Mfano huu unavutia, ila kesi yake ni nyingine. Pale kelele ilikuwa ya mashabiki, wasichana maelfu wakipiga mayowe tangu mwanzo hadi mwisho. Mpiga gitaa hana mamlaka juu ya koo la mtu aliyekaa jukwaa la juu. Kwetu, kwenye ukumbi wa watu mia mbili ambao nusu wanakula nyama choma, kelele inayokuzuia usijisikie inatoka kwa watu sita au saba unaowajua kwa majina na mliokula nao mchana.

Kuna watu katika kanda hii waliolitatua jambo hili kwa vidole vyao wenyewe, na ninashangaa tunavyowapita kwenda kuuliza bei ya mitambo. Chukua Les Wanyika, bendi iliyozaliwa jijini Nairobi mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kujitenga na Simba Wanyika. Isikilize "Sina Makosa" kwa makini, ukiwa na redio ndogo tu. Professor Omar Shabani kwenye rithim ameshika kifungu kifupi, chembamba, anakirudia bila kuchoka na wala hakijai. Tom Malanga kwenye besi anasema neno, ananyamaza, anasema tena. Ule ukimya wake ndio mlango ambao rithim anapitia. Solo la John Ngereza halina haja ya kugombana na yeyote kwa sababu limekuta njia iko wazi. Hebu jaribu kuliondoa gitaa moja akilini. Utaona pengo lenye umbo lake kabisa. Watu wanaopanga magitaa namna hiyo hawawezi kupotezana jukwaani. Kila mmoja anajisikia kwa sababu hakuna mwingine anayetoa sauti ya aina yake mahali pake na kwa wakati wake.

Au vuka hadi Kinshasa. Magitaa ya T.P. OK Jazz ya Franco, bendi iliyoanza mwaka 1956 mji ule ukiitwa bado Léopoldville, yalikuwa solo, mi-solo, rithim na besi, na nyuma yao safu ya wapuliza tarumbeta na saksafoni. Kwa hesabu ya kitufe bendi ya namna hiyo ni maafa. Lakini Wakongo walishaona kwamba gitaa la tatu, hilo la mi-solo, likipigwa mahali pale pale pa rithim litazama, hata lipewe umeme kiasi gani. Walifanya nini? Kuna waliong'oa uzi mzito wa nne na kufunga mwembamba mahali pake, wakaukaza oktavu moja juu. Uzi uliokuwa ukitetemeka mara 147 kwa sekunde sasa ukatetemeka mara 294. Gharama yake ni uzi mmoja. Gitaa likahama kutoka kwenye msongamano likapata chumba chake baina ya solo na rithim, na likaanza kusikika bila mtu kugusa ampli. Nikimsikia mpiga second solo wa leo akilalamika kwamba anazibwa, huwa natamani nimuulize: umebadilisha nini kwenye gitaa lako, kwenye mshiko wako, kwenye mahali unapobana shingo? Jibu analijua. Amebadilisha kitufe.

Bendi zetu za Dar es Salaam nazo zililijua hili. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, na DDC Mlimani Park, Sikinde, walijaza studio ya Radio Tanzania bendi nzima kwa pamoja, magitaa, tumba, upepo na waimbaji, wakapiga wimbo wote kwa mara moja. Ukisikiliza kanda zile utakuta wapuliza wanasubiri mwimbaji amalize ubeti, wanaingia, wanatoka. Magitaa yanashuka mwimbaji anaposimulia na kupanda chemko, ile sehemu ya kucheza, linapoanza. Wengine watasema ni vifaa duni vilivyowalazimisha. Sawa, vililazimisha. Mbona basi vifaa bora vimetupa ruhusa ya kuwa wabaya?

Sasa nimtaje mshukiwa wangu mkuu, na najua nitagombana na watu: mpiga kinanda. Siku hizi, kwenye bendi nyingi za hotelini na hata za makanisani, mtu huyu anapiga kwa mikono miwili muda wote. Mkono wa kushoto uko kwenye eneo la besi. Wa kulia umeshika kodi nene za noti nne au tano, sauti ya fidla nyingi zinazovuma bila kukata, katikati kabisa ya eneo la gitaa. Hakuna upenyo. Mpiga gitaa anaongeza, kinanda kinavuma palepale. Mwambie huyo ndugu ainue mkono wa kushoto, na wa kulia apige noti mbili, kisha apumzike. Gitaa litatokea kama limefufuka, na hakuna aliyeligusa.

Mpiga gitaa naye ana lake. Ampli yake ameipangia nyumbani, chumbani, usiku, peke yake. Peke yake gitaa hupendeza likiwa na besi nene chini na makali yanayometameta juu, kwa hiyo ameyaongeza yote mawili na kupunguza sauti za kati zinazosikika kama mtu mwenye mafua. Anaupeleka mpangilio huo jukwaani. Besi yake inamezwa na gitaa la besi, ambalo uzi wake mzito uko oktavu moja chini ya wa kwake. Makali yake yanamezwa na matoazi. Zilizobaki ni zile za kati, na hizo alishazipunguza mwenyewe. Gitaa linalopendwa chumbani na linalosikika kwenye bendi ni magitaa mawili tofauti. La pili, ukilisikia peke yake, ni baya kidogo, la puani. Mwenye kiburi hawezi kulikubali.

Nimeyasikia majibu. La kwanza ni kwamba jukwaa la tamasha la uwanjani ni pana, mpiga solo yuko mita kumi kutoka kwa mpiga rithim, na hakuna kreti litakalowasaidia. Kweli, pale monita inahitajika na wala sikatai. Nakataa namna inavyoombwa. Kila mmoja anasema "nipe mimi", na baada ya dakika kumi monita moja imebeba kila kitu na haisemi lolote. Afadhali mpiga gitaa aseme "nitolee kinanda", "nitolee tumba, nazisikia hapa hapa". Fundi mitambo yeyote atakuambia hilo ni ombi asilolisikia mara kwa mara, na ndilo pekee lisilomsogeza karibu na mluzi. Yeye ana ukuta nyuma yake: kila idadi ya maiki zilizo wazi inapokuwa maradufu, anapoteza desibeli 3 za nafasi kabla spika hazijaanza kulia. Tunamlaumu kwa kutofanya kitu ambacho sauti yenyewe hairuhusu.

Jibu la pili ndilo la kisasa: vidude vya masikioni. Kila mwanamuziki anaziba masikio na kupewa mchanganyiko wake. Nakubali vinaweza kuokoa masikio, mradi mtu avisikilize kwa sauti ya chini. Kwa sauti ya juu ni ampli ileile iliyohamia ndani ya kichwa. Ila angalia kinachotokea kwenye muziki. Mpiga solo amejiweka juu ya wote kwenye masikio yake, kwa hiyo anajiona anasikika, na mkono wake unalegea. Mpiga dramu hamsikii anayemzamisha, basi hana sababu ya kupunguza. Mwimbaji akirefusha neno kwa hisia, mpiga rithim aliyemshusha kwenye mchanganyiko wake hajui, anaendelea na safari. Watu saba wamepanda jukwaa moja, kila mmoja na bendi yake. Kazi ya kusawazisha ameachiwa mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi, ambaye hapigi chombo.

La tatu: dramu haziwezi kupunguzwa, ndivyo zilivyo. Hili husemwa na wapiga dramu. Mpiga tumba wa zamani aliyezungukwa na magitaa na upepo alikuwa na mikono miwili na akili ya kujua lini akae ukingoni mwa ngozi na lini apige katikati. Fimbo nyembamba zipo madukani. Mpiga dramu anayeweza kuushika mwendo kwa sauti ndogo ni fundi kuliko anayehitaji kutwanga ili usimkimbie, na kila kiongozi wa bendi anajua yupi kati ya hao wawili yuko kwake.

Kuna kipimo kimoja ninachokipendekeza kwa bendi yoyote inayobisha. Kwenye mazoezi, mwimbaji aimbe bila maiki. Wote wapige chini ya sauti yake, wimbo mzima, chemko pia. Dakika chache za mwanzo zitakuwa za vichekesho, watu watakosa pa kuweka mikono. Kisha mtagundua wimbo gani umepangwa na upi umerundikwa. Gitaa lisilosikika hapo, pasipo mtambo wowote wa kulaumu, halitasikika popote. Tatizo lake liko kwenye kifungu kinachopigwa, na dawa ni kukibadilisha, kukipandisha juu kwenye shingo, kukifupisha, au kukubali kwamba kwenye ubeti ule mwenye gitaa hilo hana kazi na ashushe mikono. Hili la mwisho ndilo linalowauma zaidi. Mtu amekuja na gitaa lake, amevaa shati la kung'aa, mkewe yuko meza ya tatu, halafu anyamaze ubeti mzima?

Ndiyo, anyamaze. Na kiongozi wa bendi, kabla hajamfuata mwenye bendi kuomba ampli mpya ya wati 100, akumbuke kwamba mpiga besi anadai seti ya nyuzi tangu Ramadhani.